Heedho ya Kaaha

Weris aliponiambia kwamba ndani ya ile heedho kuna nyama, nilikuwa nimebana pini midomoni na nusura nizimeze. Nilizitema kiganjani moja moja nikamkazia macho. Alikuwa ameketi pale pale anapoketi siku zote, kwenye baraza ninaposhonea nguo, miguu kainyoosha, anasokota kamba ya ukindu juu ya paja kana kwamba hajasema neno.

"Nyama gani?" nikamwuliza.

"Ya ngamia. Nyirinyiri. Nimekaanga na samli yangu mwenyewe, nikatia tende. Hiyo haiozi, abaayo. Mwaka mzima hiyo nakaa."

Abaayo ni dada. Ndivyo alivyoniita tangu tulipojuana, hata siku anazotaka kunichinja.

"Weris, yule Mmarekani alikuambia nini? Si alisema chombo kiwe kitupu?"

"Alisema," akajibu, akaivuta kamba ikanyooka. "Amerika nasema mambo mingi."

Niwaeleze nyinyi ambao hamjakaa Garissa. Heedho ni chombo cha harusi. Bakuli hujazwa vipande vidogo vya nyama iliyokaushwa na kukaangwa kwa samli, likafunikwa kwa kawa ya kusuka, kisha likazungushiwa kamba juu chini, kulia kushoto, fundo juu ya fundo, likapambwa kwa kauri na ngozi, mwisho likavishwa nguo nyeupe kama bibi harusi mwenyewe. Mama wa bibi harusi ndiye hufunga, au humwita fundi. Halafu watu wa upande wa bwana harusi huitwa waifungue mbele ya wote. Ncha ya kamba imefichwa, nao lazima waitafute na kufungua kwa mikono mitupu. Wakishindwa, wanawake huwacharaza kwa fimbo na matusi ya utani mpaka wajute kuoa. Na kisu hakiguswi kabisa, kwa sababu anayekata kamba ya heedho ameikata ndoa. Si Wasomali wote wa huku walio na desturi hii. Weris aliirithi kwa mama yake, aliyefika Ijara kutoka mbali kaskazini, na pale mjini mwenye kuitaka heedho ya haki alimwendea yeye.

Mimi ni Wilkister, fundi wa cherehani, mtu wa Vihiga. Garissa nilimfuata mume wangu Mwenda, Mmeru, aliyehamishiwa huko na idara ya mifugo. Nililia mwezi wa kwanza kwa joto na upweke. Weris ndiye aliyekuja siku moja bila kualikwa, akaketi barazani kwangu na ukindu wake, akasema hapo kuna kivuli. Hakuondoka tena. Yeye Kiluhya hajui, mimi Kisomali nimeshindwa, kwa hiyo tulikutana katikati, kwenye Kiswahili, yeye akikipindapinda na mimi nikikipigia kelele. Mume wake Alio alikufa njia ya Buna lori la mbuzi lilipopinduka, akamwachia mtoto mmoja tu, Kaaha. Huyo Kaaha alisoma mpaka kidato cha nne kwa mikeka ya mamake, akawa anafundisha watoto wadogo, na Kiingereza chake kilikuwa kinateleza kama maji.

Sasa huyo Mmarekani. Aliitwa Bi. Harriet, na alitufikia mwaka mmoja kabla ya mvua za El Nino, akitokea kambi ya Dagahaley kuwatembelea wakimbizi, mwekundu kwa vumbi na jua. Katika mji wao kuna jumba la sanaa ambalo miaka yote huwaonyesha Wamarekani vitu vya China na Tibet: picha ndefu za kukunja, hariri, miungu ya shaba. Mwaka huo walitaka kufanya tamasha kubwa la watu wafugao. Watibeti wangeleta mahema yao ya manyoya, kutoka China wangekuja wacheza ngoma wa nchi ya farasi, na chumba kimoja kingekuwa cha watu wa ngamia. Aliona heedho ya Weris imening'inia barazani kwangu, akasimama hapo kama aliyeona dhahabu.

Alitandaza albamu yake ya picha juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya kitambaa cha mteja, na mikono yake imejaa mafuta ya kuzuia jua. Alikuwa mgeni, lakini roho iliniuma. Akatuonyesha makuhani wa Tibet, wanaume wenye vichwa vilivyonyolewa na mashuka mekundu, wameinamia picha kubwa iliyotengenezwa kwa mchanga wa rangi, punje kwa punje. Kaaha akatafsiri kwamba kazi hiyo huchukua siku nyingi na Wamarekani hupanga foleni kuitazama. Picha ya mwisho ilimwonyesha kuhani mmoja akiufagia mchanga wote kwa brashi.

"Huu ni wazimu," nikasema.

Weris aliichukua ile picha akaisogeza karibu na macho. "Maya, hapana. Hawa watu iko na akili," akasema. "Kitu kazi yake ikiisha, nafunguliwa."

Halafu akaona picha nyingine, chombo cha mbao chenye pete za shaba, akauliza ndani mna nini. Bi. Harriet akasema mna siagi, kwamba Watibeti hutia siagi na chumvi kwenye chai, na siku ya tamasha watawaonjesha wageni. Weris akatikisa kichwa. Mimi nilifikiri anawaza ladha ya hiyo chai.

Wakapatana. Heedho itakwenda Amerika, tupu, na mtu wa kuieleza atakwenda nayo. Weris alikataa katakata kupanda ndege. Bi. Harriet akamtaka Kaaha, mwezi mmoja tu, nauli juu yao. Hapo ndipo nilipoona kazi, kwa sababu pasipoti ya Msomali wa Kenya siku zile ilikuwa sawa na kumkamua simba. Kaaha aliulizwa baba wa babu yake alizaliwa wapi na nani alimwona akizaliwa. Aliulizwa hivyo miezi na miezi, na alipoipata alilala nayo chini ya mto. Kwa hivyo mkumbuke: mtoto ni mmoja, pasipoti imepatikana kwa machozi, na siku hiyo ninayosimulia Kaaha alikuwa ameshatangulia Nairobi na heedho ndani ya sanduku la mbao, na ndege ilikuwa kesho yake jioni.

"Sasa kwa nini ulitia nyama?" nikamwuliza Weris.

"Watu ya Tibet nakuja na siagi. Chombo yao imejaa. Yangu iwe tupu? Mfugaji nakutana na mfugaji, anainama kunusa, anakuta hewa? Hiyo ni aibu mpaka kaburini."

Nilicheka. Nakiri nilicheka sana, nikasema Wamarekani watakula ngamia mwaka huu wapende wasipende. Mchana nikamsimulia Mwenda mezani ili naye acheke. Mwenda aliurudisha ugali kwenye sahani.

"Nyama ya kutoka huku?" akasema. "Wili, wewe unajua hata mbuzi mzima wa wilaya hii havuki daraja bila sisi kumkagua. Na hao wanataka kuivusha bahari?"

"Si imekaangwa?"

"Ingekuwa imekaangwa na malaika. Kule uwanja wa ndege wana mbwa wa kunusa. Watauliza hii ni nini, msichana ataapa ni chombo kitupu, kwa sababu ndivyo anavyojua. Watakikata wakute nyama. Atakuwa amewadanganya. Watamfungia chumbani, watamrudisha na ndege ya kwanza, na hataingia tena nchi yoyote. Na hiyo ni kama ana bahati." Akashusha sauti. "Fikiria vizuri. Msomali. Ana mzigo uliofungwa makamba chungu nzima, ndani kuna kitu hakionekani. Na wale bado wana uchungu wa askari wao waliouawa Mogadishu. Unadhani watafikiri ni chakula?"

Nilirudi barazani mbio, kanga ikinidondoka njiani, nikamwambia Weris yote bila kumpunguzia. Sikujua kumpunguzia, na hasira nilikuwa nayo. Mikono yake ilisimama. Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kuiona mikono ile imetulia mchana.

"Wanaweza mfunga?" akauliza.

"Mwenda anasema wanaweza."

Akainuka bila kutikisa vumbi nguoni tukaenda posta. Kaaha alikuwa amefikia Eastleigh kwa shangazi yake Nurto, dada wa marehemu Alio, ambaye simu yake ilikuwa ya duka la jirani. Tukapiga. Mara ya kwanza mwanamume akapokea, akasema atamwita, tukasikia kelele za barabara kisha laini ikakatika. Tukapiga tena, ikalia bila mtu. Tukapiga mpaka karani akaanza kufunga madirisha akitutazama kwa huruma, na Weris bado ameushika ule mkono wa simu sikioni, anaita "Nurto, Nurto," na hakuna aliyemjibu.

Alfajiri tulikuwa ndani ya basi. Mwenda alinipa nauli bila kunung'unika, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

Kwenye kizuizi cha darajani tulishushwa. Mimi askari hakuniangalia mara mbili. Weris alitoa kitambulisho, akatoa na ile kadi ya pinki waliyopewa Wasomali peke yao baada ya serikali kuwachuja kujua nani raia, vyote kutoka mfuko wa kitambaa shingoni. Askari akavitazama mbele na nyuma, akaenda navyo kivulini kuvitazama tena. Dereva akapiga honi. Weris alisimama juani, midomo inasoma dua. Nikaona huyu atatuchelewesha kwa raha zake mtoto apande ndege. Nikamfuata pale kivulini.

"Afande, huyo mama yuko nami."

"Mnakwenda wapi?"

Sikuwa na nguvu ya kueleza mambo ya Tibet. "Harusini," nikasema. "Ndiye mama wa bibi harusi. Bila yeye watakula nini?"

Alinitazama, akazitazama kadi, akarudisha. Tulipoikaribia Thika, Weris akanigeukia. Aliuliza kama huko Amerika askari wa kike ndio hushika wasichana au ni wanaume. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Afadhali ningemdanganya.

Eastleigh tulifika adhuhuri imepita. Nurto aliishi ghorofani juu ya duka la vitambaa, na ngazi zile nilizipanda nikihema kama punda. Kaaha alikuwa anapiga pasi gauni. Alipomwona mama yake mlangoni alidhani kuna msiba, pasi ikabaki juu ya gauni mpaka Nurto akaiinua. Sanduku lilikuwa pembeni, limefunguliwa, na heedho ndani yake imekaa na nguo yake nyeupe.

"Gari la Bi. Harriet linakuja saa ngapi?" nikauliza.

"Jioni hii. Mama Wili, kuna nini?"

Nikasema. Kaaha alikaa chini pale pale sakafuni. "Wameshaniuliza," akasema kwa sauti ndogo. "Kwenye fomu zao. Nimeandika hakuna chakula. Nimetia sahihi. Hooyo, mama yangu, umeniua."

Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kisu. Weris akasimama mbele ya sanduku.

"Weka chini hiyo."

"Hooyo, gari linakuja."

"Weka chini, nasema. Ukikata, bora hiyo kisu unikate mimi."

Nikamwambia Weris basi aifungue mwenyewe, si yeye aliyeifunga? Alinitazama kama mtu niliyemwambia avue nguo barabarani. Mama wa bibi harusi kufungua heedho aliyoifunga kwa mkono wake ni kama kumrudisha binti nyumbani kabla hajafika kwa mume. Mkono wake haungeweza. Nurto naye ni shangazi, ni upande wa bibi harusi. Mume wa Nurto angetoka msikitini, lakini naye ni wa upande huo huo, hata watoto wa jirani walikuwa wa ukoo. Nyumba nzima ilikuwa ya bibi harusi. Nikaona wote wamenigeukia.

"Wewe si wetu," Weris akasema. Hajawahi kuniambia hivyo, na hakuniambia kwa ubaya, aliniambia kama mtu anayeomba maji. "Wewe ni upande ingine. Wewe nafungua."

"Mimi mwanamke."

"Leo wewe mwanaume. Mpaka magharibi."

Ningecheka kama si ule uso wa Kaaha. Nilikaa chini, nikaivua heedho nguo yake, nikaanza kutafuta ncha. Wenzangu, mimi nyuzi nazijua, nimeshona tangu nikiwa msichana. Lakini kila kamba niliyoifuata iliingia chini ya nyingine, ikapita chini ya kauri, ikazunguka, ikanirudisha pale nilipoanza. Jasho likanitiririka mpaka machoni. Nurto, kwa kuwa desturi ni desturi, alichukua fimbo ya ufagio akanigonga mgongoni taratibu, akasema wanaume wa siku hizi wanataka mke bila jasho. Hakuna aliyecheka. Chini barabarani kila gari lililopiga breki Kaaha alikimbilia dirishani.

"Nipe hata dalili," nikamwambia Weris. "Juu au chini?"

Akatazama ukuta.

"Weris, nitakupiga. Mtoto wako ataingia jela ya watu, na wewe unatazama ukuta?"

"Upande yangu haisemi," akajibu, na sauti ikamvunjika. Hapo nikaona kwamba hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa anataka nishinde kuliko nilivyotaka mwenyewe, ila hakuwa na njia ya kunisaidia akabaki Weris.

Basi nikaacha kutazama kamba, nikamtazama yeye. Nikatembeza vidole polepole, juu, ubavuni, karibu na shingo ya chombo. Alikuwa anapumua kwa kelele kama mtu aliyepanda ngazi. Nilipofika chini kabisa, kwenye kitako, akasahau kupumua. Nikarudi juu, pumzi ikarudi. Nikashuka tena, ikakatika. Nikaigeuza heedho kichwa chini, nikachokonoa kwa ukucha kati ya duara mbili za ngozi, na ncha ikatoka, fupi kama mkia wa panya.

Ilifunguka yote kwa mvuto mmoja baada ya mwingine, kamba zikajaa mapajani mwangu. Nilipoinua kawa, harufu ya samli na iliki ilijaza chumba. Nyama ilikuwa imezungushiwa tende iliyopondwa na kulainishwa vizuri, ikachorwa juu kwa kidole. Katikati palikuwa na bangili ya fedha.

Nurto alijifunika mdomo. "Wallahi hii si ya maonyesho," akasema. "Hiyo ni bangili Alio alikuolea. Weris, hii ni ya harusi."

Weris aliichukua ile bangili akaipangusa tende.

"Kwa hiyo ulinidanganya kuhusu Watibeti?" nikamwuliza.

"Watibeti kweli. Lakini na hii kweli." Alikuwa anazungumza nami, macho yako kwa Kaaha. "Abaayo, wewe naona watu nachukuliwa kambini kupelekwa Amerika. Nani umeona narudi? Wanasema mwezi, wanasema mwaka. Mimi nimefunga heedho ya mabinti ya watu, ya huyu, ya yule, mpaka kucha imeisha. Yangu iko moja. Nikifunga ile tupu leo, hiyo ya kweli nitafunga lini? Nitampelekea nani?"

Nilikuwa na maneno mengi tangu Garissa, ya kumkemea, niliyapanga njia nzima. Badala yake nilizikusanya zile kamba mapajani.

Kaaha alikuwa analia bila sauti. Akajifuta kwa mtandio, akasema, "Siendi."

Mimi nilidhani Weris atamkumbatia. Badala yake alikuja juu kama moto wa nyasi. "Huendi nini? Imefunguliwa. Kwa mkono, bila kisu, watu wameona. Sasa wewe umeolewa. Bibi harusi heedho yake ikifunguliwa halafu yeye anarudi kwa mama yake siku hiyo hiyo, hiyo naitwa nini, Nurto? Mwambie hiyo naitwa nini."

Nurto hakuitaja.

"Kaa chini, kula," Weris akasema.

Tukala. Alitugawia kwa mkono wake, kwanza mimi, kwa kuwa ni upande wa bwana harusi, halafu Nurto, halafu mtoto wake. Ilikuwa tamu. Kaaha aliweka kipande kimoja mdomoni akakaa nacho. Weris hakula. Alimvisha ile bangili na lile gauni lililoungua kwa pasi, akalivuta ili pale palipoungua pafichwe na mkunjo, akamuuliza kama huko baridi inaanza lini. Nurto alijaribu kupiga kigelegele, kikamtoka nusu.

Kilichobaki tulikimimina kwenye sufuria ya Nurto. Kaaha alikiosha chombo kwa maji ya moto na sabuni, akakikausha, na Weris akaanza kukifunga upya. Hakukitazama. Vidole vilikwenda vyenyewe, haraka, na mafundo yalikuwa mazuri vile vile kwa macho yangu mimi nisiyejua.

"Hii ni ya Mmarekani," akasema. "Hii uongo. Uongo nafunga upesi."

Gari lilipiga honi kabla hajamaliza kuivisha nguo nyeupe. Bi. Harriet alipanda akitabasamu, akatukumbatia sote, akasema chumba kinanukia vizuri sana. Kaaha alishuka ngazi na sanduku, mama yake nyuma yake. Sikuwafuata. Nilibaki nakunja kamba ambazo hakuna aliyezihitaji.

Kaaha hakukamatwa. Mbwa alilinusa sanduku, akalizunguka, wakalifungua, wakagonga chombo, wakasikia hakina kitu, wakamruhusu. Alitupigia kwa Nurto, na Nurto akatuletea habari kwa watu wa basi: kwamba watu ni wengi, kwamba kuhani mmoja wa Tibet aliinama akainusa heedho, akacheka, akaenda kumletea siagi kwenye jani. Siku ya mwisho makuhani waliufagia mchanga wao, na Wamarekani wengine walilia. Mama mmoja mzee akamwuliza Kaaha chombo chake kitafunguliwa lini. Kaaha akamjibu kimeshafunguliwa.

Mwezi ukaisha. Halafu tukasikia Bi. Harriet amemtafutia nafasi chuoni, mwaka mmoja tu. Mvua za El Nino zikaja, barabara ikakatika, mifugo ikafa, tukala mahindi ya msaada yaliyodondoshwa kwa ndege, na maji yalipokauka ule mwaka ulikuwa umepita na mwingine umeanza. Weris hakulalamika. Alikuja barazani, akanyoosha miguu, akasokota. Ila kila basi la Nairobi lilipopita, mkono ulisimama kidogo.

Maneno ya sokoni mnayajua. Siku moja mwanamke wa kuuza maziwa, aliyekuja kuchukua dera lake kwangu, alisema mbele ya wateja wote kwamba wasichana wa siku hizi wakionyeshwa ndege wanatoroka, hata heedho mama zao hawafungi tena. Niliinuka na makasi mkononi. Weris akanishika gauni nikakaa.

"Hajatoroka," akasema kwa utulivu. "Binti yangu ameolewa. Heedho nilifunga mimi. Ilifunguliwa kwa mkono, na nyama ililiwa."

"Haya, mashallah," yule mwanamke akasema. "Na walioifungua ni akina nani? Mume ni wa ukoo gani?"

Weris akanyoosha kidole, akanionyesha mimi.

Baraza zima lilicheka. Mwenye maziwa alicheka mpaka akashika nguzo, na mimi nikacheka nao, mpaka nilipomgeukia Weris nikaona kidole bado kimenielekea, na yeye hacheki.